Nilimzika Mjukuu Wangu kwenye Tuta la Viazi

Mjukuu wangu alisoma habari za kifo chake mwenyewe akiwa Ekero, amekaa juu ya gunia, anatafuna muwa.

Hakuwa mgonjwa. Hata mafua hakuwa nayo.

Aliona mishumaa. Aliona picha yake imezungushiwa weusi. Aliona rambirambi za watu wasiomjua vizuri, na muwa ukamkwama kooni. Nusura afe kweli.

Aliyemuua ni mimi, nyanya yake.

Sasa kaeni vizuri niwaambie. Mwenye maziwa jikoni aende ayaondoe kwanza, yasije yakamwagika halafu nilaumiwe mimi.

Naitwa Maximilla, wengi huniita Kukhu, yaani nyanya. Nakaa Shinyalu, upande ule ambao nyani wa msituni wakigombana asubuhi unawasikia mpaka kitandani. Shule nilisoma ya msingi tu, lakini uongo sikufundishwa na mwalimu. Ni kipaji.

Musimbi ni binti wa marehemu kijana wangu. Nimemlea mimi. Ana kichwa. Serikali ilimteua pamoja na vijana wengine waende kusoma Ulaya, yeye asomee uhandisi wa maji, katika nchi ambayo nikijaribu kutaja jina lake meno ya mbele yanatikisika.

Kila kitu kinalipwa. Karo, chakula, mpaka ndege.

Aliambiwa jambo moja tu: "Weka simu wazi. Watu wa tiketi watakupigia."

Sawa. Tukangoja simu.

Shida ni kwamba huyo mtoto ana mdomo. Amerithi kwangu. Vijana walipojaa barabarani kule Kakamega mjini na mabango yao, Musimbi alikuwa mstari wa mbele. Mtu akampiga picha, bango juu, mdomo wazi mpaka unaona kimeo. Picha ikazunguka kwa simu za watu mpaka ikanifikia mimi.

Nilicheka. Nikamwambia, "Angalau ungefunga kitambaa vizuri, aibu ni yangu."

Halafu wakambeba Bramwel, nami nikaacha kucheka.

Bramwel ni kijana wa ng'ambo ya mto. Alikuwa kwenye picha hiyo hiyo, nyuma kidogo. Walimpigia simu, wakamwambia kuna kazi, aje pale kituo cha majani chai. Akaenda amevaa shati safi. Gari likasimama, wakamtia ndani, mchana peupe.

Aliporudi alikuwa amekonda kama ufito. Hasemi. Ukimsalimia anageukia ukuta. Mama yake humlisha uji na kijiko, kijana mwenye ndevu.

Nani walimbeba? Hakuna anayejua. Na anayejua hasemi.

Tangu siku hiyo, nikisikia gari, naangalia kwanza Musimbi yuko wapi.

Sasa siku moja Musimbi anafua nje, Andati akaja mbio. Andati ana duka pale njia panda, na ndiye redio yetu. Patipati amevaa ya kulia mguu wa kushoto.

"Kukhu! Musimbi yuko wapi?"

"Si huyo anafua. Kwani moto uko wapi?"

"Gari nyeusi imesimama kwa duka yangu. Vioo ni giza tupu. Wamenionyesha picha yake kwa simu. Wametaja jina yake yote, mpaka ile ya ubatizo!"

"Ukawaambia nini?"

"Nikasema mimi ni mgeni hapa."

"Andati! Duka limeandikwa jina lako ukutani!"

"Ndio maana nimekimbia!"

Sikungoja. Nguo zikabaki kwa karai na povu lake. Tulimpitisha Musimbi kwa njia ya chini, kwenye majani chai, tukampandisha boda mpaka Ekero kwa binti yangu Awinja. Awinja ameolewa katikati ya miwa, miwa imeshikana mpaka mwenye shamba mwenyewe hupotea humo. Nilijua hapo hatapatikana.

"Na hiyo simu uzime," nikamwambia.

"Lakini Kukhu, watu wa tiketi watanipigia."

"Watapiga siku nyingine. Kwani ndege zinaisha?"

Nilidhani ndege ni kama maji ya mto, ukikosa haya unachota yale yanayokuja.

Siku zikapita kidogo. Nikaanza kula tena. Asubuhi moja nikachukua jembe nikalima tuta la viazi vitamu karibu na nyumba. Bado niko hapo, mikono imejaa udongo, nikasikia gari.

Likaingia mpaka uani. Probox nyeupe. Wakashuka wanaume wawili, mmoja mrefu mkavu, mwingine mfupi wa tumbo. Yule mrefu anaitwa Kiprono, yule mfupi Sammy. Majina nilikuja kuyajua baadaye, lakini nawapa sasa msipotee njiani.

Mjue kitu kimoja. Huku kwetu siku hizi, mgeni akija na gari akamtaja mtoto wako kwa jina lake lote, hatumuulizi yeye ni nani. Tunaogopa. Ukimuuliza, naye atakuuliza. Unajibu kifupi, unaangalia chini, unaomba aende.

"Habari ya hapa, mama?" Kiprono akasema.

"Mzuri."

"Tunamtafuta Musimbi. Simu yake haishiki kabisa. Tumetoka ofisi, ni mambo ya serikali, na ni ya haraka, kwa sababu..."

Mengine sikusikia. Baada ya "serikali" na "haraka", masikio yangu yalifunga duka. Akatoa kadi ndogo mfukoni, akaninyooshea. Nikamwonyesha mikono ya udongo, sikuipokea. Mbele ya macho yangu nilikuwa naona kijiko cha uji.

Nikisema amesafiri, watauliza wapi. Nikisema simjui, uongo huo Andati ameshauharibu.

Mdomo ukafunguka peke yake.

"Mmechelewa, wanangu. Musimbi alikufa."

Yule mfupi akashika kifua. "Alikufa? Musimbi wetu?"

"Ni tumbo. Lilianza kama mchezo. Tulimzika juzi."

"Mlimzika wapi, mama?" Kiprono akauliza, pole pole.

Kidole changu, bila ruhusa yangu, kikaonyesha tuta la viazi.

Lilikuwa refu, udongo mbichi, sijatia hata mche mmoja. Na niseme ukweli, nilikuwa nimelinyoosha vizuri.

Sammy akavua kofia. Akapiga magoti. Akalia, machozi ya kweli, akaomba Mungu aipokee roho ya dada yetu, aipumzishe mahali pema, aifariji familia. Aliombea viazi vyangu kwa kirefu. Nikaitikia amina.

Kiprono hakulia. Alisimama anaangalia. Aliangalia nyumba. Akaangalia jiko. Akaangalia kuku wakiparura. Mwisho akaniangalia mimi, na nikahisi hayo macho mpaka kwenye mifupa.

"Pole sana, mama," akasema. "Tutawaambia wenzake."

Gari likatoka. Nikajiona mjanja, lakini ujanja wenyewe haukudumu.

Kwetu hutaji kifo juu ya mtoto aliye hai. Wazee walitukataza tangu tukiwa wadogo: kifo kikiitwa jina la mtu, kinakuja kuangalia nani ameitwa. Nami nilikuwa nimekiita, nikakionyesha na mahali pa kulala.

Nikageuka nikaliona lile tuta. Lilikuwa limefanana na kaburi kweli.

Nikakaa chini pale pale, nikishika jembe kama mtu anashika fimbo ya kufukuza mbwa.

Kesho yake jioni bado haijaingia, simu ikalia. Namba ya Awinja, sauti ya Musimbi.

"Kukhu! Umeniua!"

"Nani amewasha simu? Si nilikukataza?"

"Nimewasha yangu dakika moja tu! Kwa grupu ya wale tunaenda majuu wanasema nimededi! Kuna mishumaa! Kuna mtu ameandika ati nilikuwa msichana mpole!"

"Huyo hakujui."

"Kukhu, si mchezo! Wale walikuja hapo walikuwa watu wa tiketi! Watu wa ndege! Wamenipigia nikawa mteja hapatikani, wakaamua kunitafuta mpaka home, na wewe ukawaambia nimekufa!"

Mwiko wa ugali ulinianguka mguuni. Sikusikia moto wake.

Akanielezea huku analia. Kampuni ya ndege hushikilia viti vya wanafunzi wote pamoja, lakini haishikilii milele. Ofisi ya tiketi lazima ipeleke majina na pasipoti kabla ya saa fulani. Saa ikipita, kiti kisicho na jina kinarudi kwa wenye ndege. Wenzake watapaa, chuo kitafungua, na nafasi yake serikali itampa mwingine. Hakuna cha siku nyingine.

"Saa hiyo ni lini?"

"Kesho saa sita mchana. Sikiza vile wameandika: 'Majina yanafungwa kesho adhuhuri. Kiti cha marehemu kitabaki wazi mpaka saa hiyo, kwa heshima yake.' Halafu wameweka mahali ofisi iko, huko Amalemba."

"Basi wapigie, useme uko hai!"

Sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto.

"Kukhu, na kama si watu wa tiketi? Kama ni wale wa gari nyeusi, wamechukua namba ya mtu wakaingia kwa grupu? Nani huwekea maiti kiti?"

Hapo aliniweza. Nikageuza hilo swali kushoto na kulia. Nani huwekea maiti kiti?

Bramwel naye aliitwa na simu. Akavaa shati safi.

Nikakaa jikoni, ugali unaungua, nami siuoni. Asipoenda, amepoteza masomo yote aliyoyahangaikia, abaki kujificha kwenye miwa kama panya. Akienda, labda nitamlisha uji na kijiko. Nani angechagua hapo? Nyinyi mngechagua nini?

Nikampigia. "Tutaenda. Nitatangulia mimi. Wakitaka kubeba mtu, wabebe mimi kwanza, waone vile nakula."

Asubuhi tulikutana Kakamega mjini. Sikumtambua. Awinja alikuwa amemwazimia buibui kwa jirani yake Mwislamu, mpaka na ya kufunika uso, yamebaki macho tu. Mzee mmoja mwenye kofia akapita akamsalimu kwa heshima, "Asalaam aleikum, binti."

Musimbi akajibu, "Bwana asifiwe."

Nikamfinya. Mzee akatuangalia, akatabasamu, akaenda zake. Mungu ambariki, hakuuliza.

Tukaenda kwa mguu mpaka Amalemba. Kila gari lililopunguza mwendo nyuma yetu nililihesabia kifo. Mkono wa Musimbi ulikuwa baridi na jua liko juu.

Ofisi iko ghorofani, juu ya kinyozi. Ngazi ni nyembamba, mtu akikufungia chini hapo huna pa kupitia. Nikatangulia, mwavuli mkononi kama rungu.

Ndani kulikuwa na meza, picha ya ndege ukutani, na yule mrefu mkavu. Kiprono.

Hakuniangalia mimi. Aliangalia buibui nyuma yangu. Akainuka. Akatupita pole pole bila neno. Akafunga mlango. Akazungusha ufunguo.

Roho yangu ilishuka mpaka kwenye viatu.

Nikainua mwavuli. "Kijana, ukimgusa huyu mtoto nitapiga kelele mpaka Mumias wasikie!"

Akainua mikono. "Weka chini, mama. Nimefunga kwa sababu Sammy anarudi na chai, na moyo wake ni mdogo." Halafu akavuta kiti. "Marehemu, karibu. Hiki ndicho nilikuwekea."

Musimbi akafunua uso, machozi yanatiririka. "Ulikuwa unajua?"

"Mimi ni Mkalenjin wa Kapsabet," Kiprono akasema. "Lakini nimeishi Kakamega miaka mingi, na sijawahi kuona Mluhya akifa kimyakimya. Mtoto wa watu afe, azikwe, na hakuna tenti? Hakuna moto? Hakuna ngoma ya isukuti? Hakuna hata sufuria kubwa moja imegeuzwa kukauka? Mama, kuku zenu zote zilikuwa hai!"

Uongo wangu wote ulikuwa umeangushwa na kuku.

"Sasa mbona ukatangaza nimekufa?" Musimbi akauliza.

"Ningefanya nini? Simu umezima. Nyanya yako ameogopa mpaka hasikii mtu. Kazi yangu ni kujaza viti, na mwanafunzi asiposhika simu mimi huenda mpaka kwao. Nimeenda, nimeonyeshwa tuta. Nikajiuliza, mtu aliyejificha hutolewa na nini? Nikaona hakuna binadamu atasoma watu wakimlilia kwa mambo yasiyo yake, halafu anyamaze."

"Mpole," Musimbi akasema kwa hasira. "Ati mpole."

"Hiyo niliandika mimi."

Mlango ukagongwa. Kiprono akafungua. Sammy akaingia na chupa ya chai, akamwona Musimbi, akasema "Yesu!" na chupa ikaenda sakafuni, naye akaifuata. Tulimpepea na gazeti mpaka akarudi. Neno lake la kwanza alinielekezea mimi: "Mama, nililia!"

"Uliomba vizuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Hivyo viazi vitazaa."

Pasipoti ikapigwa picha. Jina likatumwa kabla ya adhuhuri. Kampuni ya ndege ikajibu kwamba kiti ni chake. Nikakaa, nikapumua, nikaona dunia ina rangi tena.

Ningenyamaza hapo hadithi ingeisha vizuri. Lakini mimi sijui kunyamaza.

"Mtusamehe," nikasema. "Ila nanyi mna makosa. Siku ya kwanza mlipokuja na ile gari nyeusi, mngemwambia Andati nyinyi ni watu wa ndege, hakuna mtu angekufa."

Kiprono akaacha kuandika. "Gari gani nyeusi?"

"Ile ya vioo giza."

"Mama." Akaweka kalamu chini. "Sisi tulikuja siku ile moja tu. Na Probox. Ofisi hii haina gari lingine."

Mashine ya kinyozi kule chini ndiyo iliyosikika, ikinguruma kichwani mwa mtu.

Kiprono akaenda dirishani. Akaangalia barabara, huku na huku. Akavuta pazia.

"Basi," akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo tena. "Marehemu abaki marehemu."

Akapanga upya. Wenzake Musimbi wangekutana mjini, waagwe kwa picha na hotuba, wapande basi mpaka Nairobi. Yeye asionekane hapo. Yeye akate kona apae kutoka Kisumu peke yake, aungane na wenzake ndani kabisa ya uwanja wa ndege wa Nairobi, akiwa ameshapita kila mlango. Kiprono mwenyewe atampeleka Kisumu.

"Na wewe mama," akaniambia tukitoka, "nyumbani kama mtu amekufa, afe vizuri. Afe Kiluhya."

Musimbi akarudi Ekero. Mimi nikarudi Shinyalu, nikakuta sina kazi ya kufanya. Habari ilikuwa imefika kwa simu kabla yangu. Wanawake wanaingia langoni mikono kichwani, wanalia. Andati amesimamisha tenti. Isukuti inalia. Kuku nao, safari hii, hawakubaki hai.

"Mwili uko wapi, Kukhu?"

"Uko Ekero, kwa Awinja."

Na hapo sikudanganya. Mwili ulikuwa Ekero, unakula ingokho, kuku wa kienyeji.

Lakini msifikiri ilikuwa raha. Mama yake Bramwel alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka, akanishika mkono. Hakulia. Alisema tu, "Wako amepumzika, Maximilla." Nikajua hilo neno lilikotoka. Ulimi wangu ulitaka kumwambia. Niliuuma mpaka nikaonja damu.

Siku ya ndege ikafika. Asubuhi Awinja alinipigia, akasema wametoka, Kiprono anaendesha, wanaelekea Kisumu. Nikaweka simu kifuani. Watu wamejaa uani wanaimba.

Ndipo gari jeusi likaingia.

Vioo giza. Likapita karibu na wapiga isukuti, likasimama nyuma ya tenti. Wakashuka wanaume wawili, mashati yamepigwa pasi. Wakachukua viti vya nyuma, wakakaa kama waombolezaji.

Nikachukua vikombe vya chai. Nikawapelekea mwenyewe. Na safari hii niliuliza.

"Karibuni wanangu. Nyinyi ni akina nani?"

Wakaangalia chai.

"Mmetoka wapi?"

Mmoja akasema bila kuinua macho, "Mwili unafika saa ngapi?"

"Jioni."

"Tutangoja."

Tutangoja! Nikahisi mkojo. Jioni itafika, mwili haufiki, watajua. Simu moja tu kwa wenzao, na Kisumu si mbali. Musimbi alikuwa bado barabarani, hajapanda hata ngazi ya ndege.

Nikafikiria viazi. Nikafikiria kuku. Uongo wote niliokuwa nao nilikuwa nimeshautumia.

Nikamwona Andati mbele, ameshika maiki. Ndiye mwongozaji wa kilio. Huyo mtu anapenda maiki kuliko mke wake. Nikamkaribia sikioni, nikamwambia maneno machache tu:

"Kule nyuma kuna wageni hawajajitambulisha."

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua. Kwa kilio chetu, hakuna mgeni anakula bure. Lazima usimame, useme jina, useme umetoka wapi, na ulijuana vipi na marehemu. Hata mkwe anayeogopa watu atasimama. Ndiyo heshima.

Andati hakuuliza kwa nini. Uso wake uling'aa.

"Wapendwa! Tuna wageni wetu wa heshima pale nyuma, wamekuja na gari kubwa! Wasimame watuambie majina, kwao ni wapi, na marehemu walimjua namna gani! Isukuti, walete!"

Isukuti ikawashwa. Vichwa vyote vikageuka. Vijana wakainua simu wapige picha, maana siku hizi hakuna kinachofanyika bila simu juu. Wanawake wakainuka wakicheza, wakawazunguka.

"Hapana, hapana," mmoja akasema, akifunika uso na mkono.

"Msione haya!" Andati akaja na maiki, waya unaburuta kwenye nyasi. "Hapa hata bubu hujitambulisha! Anza wewe wa shati ya bluu! Jina lako nani?"

Yule wa shati ya bluu akainuka. Mwenzake akainuka. Wakaanza kutembea, kisha wakatembea haraka, wanawake wanawafuata kwa nyimbo wakidhani ni aibu ya wageni, simu ziko juu, Andati nyuma yao mpaka waya ulipomkatalia.

"Angalau jina la baba tu! La ukoo!"

Milango ikafungwa. Gari likarudi kinyumenyume, likakanyaga tuta langu la viazi, likatoka langoni kwa vumbi.

Watu wakacheka. Wengine wakasema labda mmoja alikuwa mchumba wa siri. Mimi sikucheka. Niliketi chini, simu mkononi, nikangoja.

Alasiri simu ikalia. Kiprono.

"Mama, ndege ya Kisumu imeruka. Yuko ndani. Nimeingoja mpaka ikapotea."

Kisha ikalia tena, na mtu mmoja aliyekufa akaniambia kutoka Nairobi: "Kukhu, nimeungana na wenzangu. Wawili wameniona wakakimbia. Tunapanda sasa."

Nikamnyang'anya Andati maiki.

"Majirani," nikasema. "Mwili hautakuja. Mwili uko juu, unafungiwa mkanda, utapewa soda."

Nikawaeleza yote. Nilijua watanipiga. Nilistahili.

Aliyeinuka kwanza ni mama yake Bramwel. Akaja mpaka mbele yangu, akaniangalia sana. Halafu akapiga kigelegele, kirefu, mpaka sauti ikamkatika. Hapo kilio kikageuka, isukuti ikabadilisha mwendo, na watu wakacheza kama harusi.

Andati peke yake alibaki na malalamiko. "Kukhu, nimeshona suti ya mazishi. Nitaivaa wapi?"

Lile gari halijarudi. Ni akina nani, sijui mpaka leo, na siwezi kumsingizia mtu. Musimbi anasoma. Ananipigia, ananiambia huko baridi inauma masikio na hakuna anayemwita mpole.

Mimi nimebaki na somo moja, nawapa bure. Mtu akija kumtafuta mtoto wako, usiwe mjinga kama mimi, usikimbilie kumzika. Muulize jina lake na alikotoka, na umuulize mbele ya watu. Yule wa tiketi atakuambia mpaka jina la ng'ombe wa babake.

Yule mwingine ataangalia chai.